Chupa Iliyoshusha Sukari

Bi Mwanakheri alikataa kukaa.

"Kiti hicho kalieni wenyewe," alisema. "Miye sikuua mtu."

Kanga yake ilikuwa imechanika begani na mdomo wa chini umevimba. Asubuhi ile watu wa Darajani walimvamia alipokuwa akiteremka kwenye gari la shamba na kapu lake la dawa. Walimpiga, wakazivunja chupa zake zote barabarani isipokuwa moja aliyoikumbatia kifuani. Polisi walimwokoa, kisha wakamtia ndani. Habari ilikuwa imeshaenea mji mzima: Bi Kidawa, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Sokomuhogo, amekunywa dawa ya sukari ya yule mganga wa Makunduchi, na jana alasiri amezikwa.

Inspekta Mjaka Pandu alikuwa mtu wa Tumbatu, mfupi, mwenye sauti nene. Kabla hajavua kofia mkuu wake alishamwambia: mwanamke amekamatwa, dawa imepatikana, andika maelezo, peleka mahakamani. Mjaka alijibu, "Naam, afande," akaja kuufunga mlango wa chumba cha mahojiano mpaka chokaa ikapukutika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shikamoo ya nini, na wenzio wamenivuta kama mbuzi wa sadaka?"

Mjaka aliweka chupa mbili juu ya meza. Moja ilikuwa ile aliyoinusuru bibi mwenyewe, nyingine imetolewa chumbani kwa marehemu. Zote za kijani, zimezibwa kwa kitambaa na kufungwa kwa ukindu.

"Zako zote mbili?"

"Chupa ni zangu."

"Ndani mna nini?"

"Kokwa za zambarau. Nnazikausha, nnazitwanga, nnazichemsha na uwatu na majani ya mwarobaini. Mamangu alikuwa akiifanya, na mamake. Sikumwambia mtu kuwa inaponya. Inamsaidia mgonjwa kidogo kidogo, naye ajizuie kula."

"Kunywa."

Bi Mwanakheri aliivuta chupa aliyokuja nayo, akafungua, akapiga mafunda makubwa, akajifuta mdomo uliovimba bila ya kukunja uso.

"Na hii."

Aliichukua ya pili. Aliinusa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha polepole. Chini kabisa kitu cheupe kilikimbia, kikatulia tena upande wa pili. Akaiweka chupa mbali naye, karibu na ukingo wa meza.

"Hii sinywi."

"Kwa nini?"

"Fundo limefunguliwa likafungwa tena. Na maji haya si yangu."

"Nani anakuuzia?"

"Abrahman, mwenye duka la dawa za miti Mkunazini. Miye nnamletea, yeye anauza."

Mjaka aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa bibi. "Ulijua lini kuwa anatia kitu?"

Bi Mwanakheri alitazama ukuta.

"Nnakuuliza, bibi. Ulijua lini?"

"Walianza kunifuata mpaka Makunduchi," alisema mwishoe. "Watu wazima, wenye heshima zao, wananibusu mkono. Wananambia sukari imeshuka kwa siku moja. Dawa yangu haishushi sukari kwa siku moja. Nilijua, nikanyamaza. Maisha yangu yote hapana aliyewahi kunibusu mkono."

Mjaka alisimama. Kisha akafungua mlango na kumwita Koplo Tabia, askari wa kike aliyekuwa akifanya naye kazi.

"Mpe maji, mpatie pahala pa kulala, na asitolewe nje. Watu wakimwona watamuua." Akageuka. "Nawe bibi usifikiri nimekusamehe."

*

Tabia alikuwa na dhana yake. Alipopekua nyumba ya marehemu alikuta kopo la sumu ya panya chini ya ngazi, na majirani walimnong'oneza kuwa kaka wa Bi Kidawa anaitaka nyumba ile siku nyingi.

"Unga mweupe chini ya chupa, sumu nyeupe chini ya ngazi, na kaka mwenye tamaa," alisema wakiwa njiani. "Mganga kabebeshwa tu, afande."

Dhana ilikuwa nzuri. Waliichukua pamoja na kopo lake mpaka hospitali, kwa Daktari Abdulla, ambaye ndiye aliyempokea Bi Kidawa akiwa bado hai. Daktari hakulifungua hata hilo kopo.

"Sumu ya panya haifanyi hivi. Bibi yule aliletwa hajitambui, amerowa jasho kama aliyeopolewa baharini, meno yamekaza. Nilimtoa damu kabla sijampa chochote. Sukari ilikuwa karibu imekwisha kabisa. Nikamtia sukari ya mshipa. Alifumbua macho, akanitazama, akaondoka. Tulikuwa tumechelewa."

"Mgonjwa wa sukari amekufa kwa kukosa sukari?" Tabia aliuliza.

"Ndivyo."

"Mti unaweza kufanya hivyo?" aliuliza Mjaka.

"Nimewatibu watu wanaokunywa kokwa, wanaokula karela, wanaotafuna uwatu. Sukari zao hushuka kidogo, au hazishuki. Mti wa kumwangusha mtu namna hii sijauona. Lakini usinitake niwatetee waganga, Inspekta. Wamenijazia wodi."

Mjaka aliomba bakuli na kipande cha melimeli. Akaimimina ile dawa ya Bi Kidawa polepole, akiichuja mwenyewe, mpaka chupa ikabaki tupu na juu ya kitambaa ukabaki unga mweupe, mzito kama uji. Akauchambua kwa ncha ya sindano. Ulikuwa umetwangwa vizuri, ila si wote. Katikati palikuwa na kichembe kikubwa kuliko vyenziwe, kadiri ya punje ya mchele. Upande mmoja kilikuwa kimeviringa, laini. Juu yake ulipita mfereji mwembamba ulionyooka.

"Mti gani unazaa hiki?"

Daktari Abdulla alikipokea kwenye ukucha wake. Alikitazama kwa muda, kisha akafungua kabati, akatoa kidonge kizima na kukiweka kando yake. Kilikuwa cheupe, cha mviringo, na katikati kina mfereji wa kukivunjia nusu.

"Vidonge vya kushushia sukari," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wamevitwanga wakavitia humu."

Aliinyakua ile chupa tupu, akasoma karatasi iliyogandishwa ubavuni: *Hushusha sukari. Hulinda figo, maini na macho.*

"Hulinda figo!" Aliitupia chupa mezani. "Figo za Bi Kidawa zilikuwa mbovu tangu mwaka jana. Mwenye figo mbovu kidonge hiki hakimtoki mwilini. Leo kijiko, kesho kijiko, kinalimbikizana humo humo. Wale waliodanganywa kuwa watalindwa figo ndio watakaotangulia kufa!"

"Vinapatikana wapi?"

"Madukani havionekani tena. Vinagaiwa bure kwenye zahanati moja tu, kule Ng'ambo. Na huko wanasema vimekwisha tangu mwezi wa mfungo mosi."

"Nani anasema?"

"Mtoaji dawa wao. Mabrouk."

*

Nyumba ya Sokomuhogo ilikuwa imejaa wanawake wa matanga. Tabia aliingia mwanzo, akatoka na Mize, binti pekee wa marehemu. Walizungumza naye kwenye kijichumba cha nyuma, penye mbao za kuandikia za wanafunzi wa mamake zimeegeshwa ukutani. Macho ya Mize yalikuwa makavu.

"Nani aliwaelekeza kwa Abrahman?" aliuliza Mjaka.

"Zahanati. Tulipanga foleni asubuhi nzima. Tulipofika dirishani, Mabrouk akatwambia vidonge hamna, meli haijaleta. Tena akainama kwa upole, akasema, nendeni Mkunazini kwa shemeji yangu, ana dawa ya miti, haina madhara yoyote."

"Shemeji yake ndiye Abrahman?"

"Ndiye. Kamwolea dadake."

Tabia na Mjaka walitazamana.

"Ikafanya kazi?"

"Ilifanya." Mize alicheka kicheko kibaya. "Kila siku nilikuwa nnamchemshia mkojo wake na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari tuliyopewa zahanati, unageuka mwekundu kama tofali. Alipoanza kunywa ile chupa ukabaki buluu. Nilipiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani pana harusi."

"Na asubuhi ile?"

"Aliamka anatetemeka. Kanga imerowa. Akaniomba chai ya sukari. Mamangu hakuwa mtu wa kuomba kitu. Nikamwambia, mama, sukari ndiyo inayokuua. Akaniomba tena, ananiita kwa jina la dadake aliyekufa. Nikalichukua kopo la sukari nikalificha."

Sauti za visomo zilipita juu ya ukuta.

"Hukukosa wewe," alisema Mjaka. "Uliambiwa ni mti."

"Usinipoze, Inspekta. Mie sitaki pole. Nnataka mtu."

"Nitakuletea."

*

Kesho yake mapema walimkuta Abrahman anafungua duka. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu yake imepigwa pasi, ananukia udi. Rafu zake zilijaa mizizi, magome, chupa za asali, na mstari mrefu wa zile chupa za kijani.

Mjaka alitaka kuona kinu na chekeche. Vililetwa. Kinu cha shaba kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'ara, chekeche imeoshwa na kuanikwa.

"Unasafisha sana."

"Usafi ni katika imani, ndugu yangu."

Watu walikuwa wameanza kujazana mlangoni. Abrahman aliwaona, akapaza sauti.

"Mnasema dawa hii ina sumu? Haya, tazameni!"

Kabla Mjaka hajafungua mdomo, ilishushwa chupa moja ya kijani, ikatikiswa, ikamiminwa kwenye kikombe. Abrahman aliinywa yote. Akamimina tena, akanywa tena, akakipindua kikombe watu wakione kitupu. Mlangoni mtu mmoja alisema, "Mashaallah!" Mwengine akacheka akiwatazama polisi. Tabia aliinamisha kichwa.

Mjaka hakuonyesha kukasirika. "Umeshafungua kinywa leo?" aliuliza.

"Bado. Mmenijia na asubuhi yote hii."

"Basi twende tukaandike maelezo yako, tuyamalize. Daktari atakuwapo. Ukijisikia vibaya, useme."

"Nitajisikiaje vibaya? Nimekunywa zambarau."

Kituoni Mjaka aliandika taratibu kupita kiasi. Aliuliza jina la baba, jina la babu, mtaa aliozaliwa, nani alimfunza kazi. Alipofika mwisho aliyasoma yote tangu mwanzo, akauliza kama yamekaa sawa, akaendelea. Daktari Abdulla alikaa pembeni na mkoba wake magotini, macho yake hayaondoki usoni kwa Abrahman. Mwanzo Abrahman alikuwa akitania. Jua lilipopanda maneno yake yakapungua. Akatoa kitambaa akajifuta paji la uso. Baadaye akajifuta tena, na shingo. Alipotakiwa kutia saini ukurasa wa kwanza, kalamu ilipiga piga karatasi.

"Niagizieni chai," alisema.

Tabia alimletea chai ya rangi. Abrahman alipiga funda moja, akakisukuma kikombe.

"Haina sukari."

"Sukari ya mgao, ndugu," alisema Mjaka. "Kituo hakijapata. Unataka maji?"

"Sitaki maji."

"Maziwa?"

"Sukari!" Aligeuka kwa daktari, mikono imeshika ukingo wa meza. "Daktari, nipe sukari. Unayo humo. Nipe sasa hivi!"

Mjaka aliiweka kalamu chini.

"Mtu akila sumu asiyoijua huomba maji. Huomba maziwa, humwita mamake. Wewe umeomba sukari. Nani alikufunza kuwa kokwa za zambarau zinatibiwa kwa sukari?"

Meno ya Abrahman yalikuwa yakigongana. "Nipeni kwanza."

"Mpe," Mjaka alimwambia daktari. "Mimi siui watu."

Daktari alikuwa ameshaikoroga. Abrahman aliipokea bilauri kwa mikono miwili, akanywa mpaka ikammwagikia kidevuni na kwenye kanzu yake ya pasi. Walimpa ya pili. Walingoja mpaka mikono ikatulia. Hapo ndipo Mjaka aliposimama, akapiga meza kwa kiganja, kidau cha wino kikaanguka.

"Ulijua! Ulijua inaua, na ulijua kinachookoa! Ungewaambia neno moja tu: ukitetemeka, lamba sukari. Neno moja, Abrahman! Mtoto wa watu amemficha mamake kopo la sukari, na wewe ulikuwa na neno hilo mdomoni mwako!"

"Ningewaambia," alisema Abrahman kwa sauti ndogo, "wangejua si mti."

Tabia aliinuka akaenda dirishani, akawapa mgongo.

"Mabrouk ndiye anayeleta," Abrahman aliendelea bila ya kuulizwa. "Ananambia nitie ngapi. Mimi natwanga tu."

*

Foleni ya zahanati ilizunguka jengo mpaka ikafika penye mtaro. Wengi walikuwa watu wazima, wanawake kwa wanaume, wengine wamefunga vidonda vya miguu kwa matambara. Kwenye dirisha la dawa, uso wa Mabrouk ulikuwa mpole kama alivyosema Mize.

"Vidonge hamna, mama. Hamna. Subirini, au nendeni..."

Aliukata usemi wake alipoona mlango wa pembeni umefunguliwa na Inspekta, koplo na daktari wanaingia.

"Fungua kabati," alisema Mjaka.

Kabati lilifunguliwa. Lilikuwa tupu, limefutwa vumbi. Mabrouk alitandaza mikono. "Kama mnavyoona, ndugu zangu. Na sisi tunasikitika."

Tabia hakulitazama kabati. Alikuwa akilitazama sanduku la bandeji lililowekwa chini ya meza. Bandeji zake za juu zilikuwa zimekuwa manjano kwa kukaa, na nje watu wamefunga vidonda kwa matambara. Alipiga magoti, akazitupa nje bandeji mafungu kwa mafungu. Chini yake yalikuwa makopo. Alinyanyua moja, akaenda nalo mpaka dirishani, akalitikisa mbele ya foleni.

Vidonge vililia ndani ya kopo. Foleni nzima iligeuza macho kwa Mabrouk.

"Msinitazame kama mwizi," alisema Mabrouk. Upole ulikuwa umemtoka. "Waulizeni hawa hawa! Ukimpa kidonge anakitia kwenye pindo la kanga, anakwenda kwa mganga. Cha bure hawakithamini. Nikawapa kile kile ndani ya kitu wanachokiamini. Wangapi wamepata nafuu kwa sababu yangu? Mbona hamwahesabu hao?"

"Bi Kidawa ulimjua?" aliuliza Mjaka.

"Wagonjwa ni wengi."

"Ulizijua figo zake?"

Mabrouk alimtazama daktari, kisha sakafu. "Alikuwa mgonjwa wetu. Nilijua."

"Ukampeleka Mkunazini."

"Nilimwambia shemeji yangu ampunguzie."

Mkono wa Mjaka ulinyanyuka juu. Tabia aliona, akaushika mkono wa shati, akaushikilia. Mjaka alishusha pumzi, akatoa pingu, akamfunga Mabrouk kwa nguvu mpaka akaguna.

"Chupa zimekwenda wapi?"

"Nitajuaje? Abrahman ndiye anayeuza. Zinakwenda Makunduchi, Mkokotoni, kila mahali."

"Baba," sauti iliita kutoka nje ya dirisha.

Alikuwa bibi mmoja wa makamo aliyekuwa wa mbele katika foleni. Alikuwa akipekua kikapu chake cha ukili. "Mie naitwa Kazija, natoka Mkokotoni. Hebu nitazamie hii."

Alitoa chupa ya kijani, imebaki nusu, akaiweka juu ya kizingiti cha dirisha.

"Umeinywa leo, bibi?" Mjaka aliuliza.

"Nshakunywa alfajiri, kabla sijapanda gari. Na sijala. Yeye huyu aliniambia nisile." Alijifuta uso kwa pindo la buibui. Pindo lilikuwa limerowa.

Nyuma yake mzee mwenye fimbo aliinama kwenye mfuko wake, akatoa chupa kama ile, akaiweka kando ya ya mwanzo. Halafu mwanamke mwengine. Halafu chupa zikaanza kupokezwa kutoka nyuma, mkono kwa mkono, na kizingiti kikajaa. Daktari Abdulla alikuwa ameshatoka mbio, anamkalisha Bi Kazija barazani, anapiga kelele aletewe sukari, asali, chochote kitamu kilichomo mtaani.

Mjaka alimkamata Mabrouk shingoni, akamsukuma mpaka kifua kikagota dirishani na uso ukatazamana na watu wote wale.

"Watazame," alisema. "Mmoja mmoja. Nioneshe wenye figo mbovu."

Mabrouk alifumba macho. Mjaka alimtikisa mpaka akayafumbua. Mikono yenye pingu ikanyanyuka pamoja, na kidole kikaanza kwa Bi Kazija.